Mjomba na Habari za Mwezini

Julai hii redio ya dukani kwangu Malvern haina habari nyingine ila Wamarekani na miaka yao mia mbili na hamsini ya kujitawala. Asubuhi mtangazaji anatueleza watu wa Johannesburg namna wale walivyomkataa mfalme, jioni mwenzake anarudia yale yale, na mimi niko kwenye cherehani napinda mapazia ya watu. Juzi mteja mmoja aliniuliza, hayo yanatuhusu nini sisi? Kwangu mimi, Wamarekani wakianza kuhesabu miaka ya mambo yao, anayenijia kichwani ni mama yangu. Na wala si kwa sababu ya uhuru wao. Ni kwa sababu ya mwezi.

Ilikuwa mwaka 2019. Mama alikuja kutoka Tanga kunitembelea, safari yake ya kwanza ya ndege, na kwa bahati mbaya tukamleta katikati ya Julai, baridi imekomaa. Tulikuwa tunakaa Bellevue, katika nyumba moja ya zamani yenye dari ya bati la nakshi na sakafu za mbao zinazolia ukizikanyaga, nyumba iliyogawanywa vyumba na kupangishwa watu mbalimbali. Mimi na binti yangu tulikuwa na vyumba viwili vya mbele. Nyuma walikaa Wakongo. Mwenye nyumba, mama mtu mzima wa Kizulu aliyekwisha kufiwa na mumewe, alikaa upande wa jua, na sote tulimwita Gogo, maana ndivyo Wazulu wanavyomwita bibi.

Mama alipolisikia jina hilo mara ya kwanza alinivuta pembeni.

"Mgogo? Mgogo wa Dodoma? Kafikaje huku?"

Nilicheka hata nikakaa chini. Nilipomweleza, alicheka na yeye, na kesho yake asubuhi akamfuata Gogo kwenye ngazi za nje, akakaa kando yake juani, kanga juu ya sweta, blanketi juu ya kanga. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Walikuwa na vijineno. Gogo akisema *inyama*, Mama anasema "nyama," wanapigana viganja. Nyoka ni nyoka, watu ni *abantu*. Nikirudi kutoka kazini nawakuta pale pale, wamesogea tu kufuata jua, wanamenya machungwa na kuongea kila mmoja kwa lugha yake kama watu wanaoelewana kabisa.

Aliyempa Mama taabu ni mjukuu wake. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili, mzaliwa wa hapa. Kiswahili alikisikia chote, hata cha kunong'ona, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, au kwa Kizulu akiwa na haraka. Sikuwahi kumlazimisha. Nilijiambia atakianza mwenyewe siku akikihitaji, na miaka ikaenda. Mama akimwambia, "Mwanangu, umekula?" anatikisa kichwa, anatabasamu, anaingia chumbani. Mama aliniambia, "Mtoto wako ana adabu, sikatai. Lakini nasalimiana naye kama naye kapanga humu."

Sasa, wiki ile shuleni kwao walikuwa wanajiandaa kuadhimisha miaka hamsini tangu Wamarekani watue mwezini. Mwalimu aliwataka watoto wamtafute mtu mzima anayekumbuka siku ile, wamsikilize, na akiweza aje Ijumaa kuwasimulia wenzao. Binti yangu hakufikiri mara mbili. Jioni alibisha mlango wa Gogo, nasi tukafuata, kwa sababu kwa Gogo kulikuwa na hita.

Gogo alisimulia kwa Kiingereza chake kilichochanganyika na Kizulu. Alikuwa msichana tu, anafanya kazi za ndani kwa wazungu, vitongoji vya kaskazini. Nchi nzima haikuwa na televisheni wakati huo. Serikali ilikuwa haijairuhusu. Kwa hiyo hata wale matajiri waliifuata habari kwenye redio, familia nzima imeizunguka, na yeye anapita na sinia la chai.

"Baadaye ikaja filamu yenyewe," alisema, "watu wakapanga foleni kwenda kuitazama. Bosi na watoto wake walikwenda. Mimi niliwapigia pasi nguo za kwendea. Nikawaza, mtu ameruhusiwa kutembea mwezini, na mimi siwezi kufika pale kona bila kipande."

Mimi ndiye niliyeliita kipande, nilipokuwa namtafsiria Mama. Yeye Gogo alisema *dompas*, ile karatasi ambayo mtu mweusi alilazimika kutembea nayo. Mama alilielewa mara moja. Aliguna, akamshika Gogo goti. Halafu akaniuliza mazungumzo yenyewe yametokea wapi hata yakafika huko.

"Mwezini, Mama. Wamarekani walivyokwenda mwezini. Wanatimiza miaka hamsini Jumamosi."

Akafumba macho. Nilidhani usingizi unamchukua kwa lile joto la hita. Kisha akasema, "Asubuhi ile mie naijua. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Nyumbani, Ngamiani. Nyuma ya mlango."

Na hapo ndipo aliponisimulia jambo ambalo kwa umri wangu wote sikuwahi kulisikia.

Baba yake, babu yangu, alikuwa seremala, na mtaa ule yeye ndiye aliyekuwa na redio, dude kubwa la mbao ambalo betri zake zilianikwa juani kama samaki ili zipate nguvu. Siku ile wazee walipotoka msikitini kuswali alfajiri hawakutawanyika. Walikuja barazani kwa babu, maana habari zilikuwa zimeenea kwamba Wamarekani wako njiani, au wamefika, au wamekufa, kila mtu na lake. Taarifa ya Kiswahili ilikuwa bado. Lakini kaka yake Mama, kijana wa sekondari aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alizungusha vitufe mpaka akapata kituo cha Kiingereza kinachokuja na kutoweka kwa mikwaruzo. Akakalia kibao, sikio limegusa redio, wazee wamemsimamia. Mama alikuwa na miaka kumi na mitano. Alisimama nyuma ya mlango na birika la chai mkononi, asithubutu kutoka.

"Wanasemaje?" babu aliuliza.

"Wanasema mmoja anashuka ngazi."

"Ngazi ya nani?"

"Ya chombo chao, Baba. Ngojeni. Ameshuka. Amekanyaga."

"Kakanyaga nini?"

"Vumbi. Anasema ni vumbi laini, kama unga."

Palikuwa na mwalimu wa chuo pale barazani, ndiye aliyewasomesha Kurani watoto wote wa mtaa. Mwalimu aliinuka, akatoka mpaka katikati ya barabara, akainua uso. Akatazama huku, akatazama kule. Akapiga kelele, "Jamani, njooni! Wamekanyaga mwezi gani? Mwezi wenyewe haupo!"

Na kweli haukuwepo. Ulikuwa mwezi mchanga wa Mfungo Nane, umekwisha kuzama usiku. Wazee wote walitoka barabarani wakawa wanaitazama mbingu tupu, na baadhi wakaanza kumcheka yule kijana.

"Umezama, mwalimu," kijana alisema bila kuondoa sikio redioni. "Kwetu umezama. Sasa hivi uko juu ya nchi yao."

Mwalimu alifikiri kidogo. "Kumbe wamengoja upite kwao, ndio wakarukia?"

Mama aliposema hayo alicheka mpaka machozi. Alisema baraza nzima iliangua kicheko, pamoja na mwalimu mwenyewe, na babu, ambaye hakuwa mtu wa kuwashikashika watoto wake, alipita akaweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe, akauacha pale kwa muda. Kijana akaendelea kutafsiri mpaka jua likachomoza na sauti ikapotea kabisa.

Kisha Mama akalitaja jina la kaka yake. Nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini, na sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Nilijua tu kwamba tulikuwa na mjomba aliyepotelea Marekani. Ndivyo ilivyosemwa, amepotelea, nami utotoni nilidhani ni mlevi au mhuni fulani ambaye ukoo unamwonea haya. Kumbe tangu asubuhi ile hakuwa na wazo lingine. Alisoma, akafaulu, akapata nafasi ya chuo kikuu huko huko. Aliwatumia picha amesimama kwenye theluji, koti limemzidi, anacheka. Halafu akaugua. Habari ziliwafikia akiwa ameshazikwa, na waliomzika ni wanafunzi wenzake. Bibi yangu hakulia mbele za watu. Aliizungushia ile picha kanga, akaiweka sandukuni, na tangu siku hiyo jina la mwanawe likitajwa anainuka anakwenda zake uani. Watu wa nyumbani wakaacha kulitaja. Akafa bibi, akafa babu, na mazoea yakabaki.

"Nilidhani nimemsahau sauti," Mama alisema. "Kumbe ninayo."

Binti yangu alikuwa amekaa sakafuni muda wote, mgongo kwenye kochi la Gogo. Sikujua ni kiasi gani ameelewa. Aliniuliza kwa Kiingereza, sauti ya chini, "Bibi anaweza kuja Ijumaa? Waje wote wawili?"

Tukakubaliana. Gogo angesimulia mwenyewe, na mimi ningemtafsiria Mama.

Ijumaa ile nilifunga duka mapema. Lakini Jules Street yote umeme ulikuwa umekatika, robot zimezimika, na hapa robot ni zile taa za barabarani. Zikizima, kila dereva anakuwa mfalme. Tulikwama. Niliteremka kwenye basi nikatembea, nikakimbia, nikasimama kupumua, nikakimbia tena. Kichwani nilikuwa nawaona wale wanawake wawili wamekaa mbele ya ukumbi wa watoto, mmoja amemaliza kusema na mwingine hana wa kumsemea. Nilimwona Mama anatazama mlangoni. Nilitaka kulia.

Nilipofika, mlango wa ukumbi ulikuwa wazi nusu. Nilisikia sauti ya Mama, kisha sauti ya binti yangu. Nikachungulia. Gogo alikuwa kwenye kiti amevaa kofia yake ya kanisani. Mama alikuwa kiti cha pili, buibui lake jeusi, na kati yao amesimama mwanangu, mikono nyuma, anatafsiri.

Alikuwa anakosea. Mama aliposema "mwalimu wa chuo" yeye aliwaambia wenzake profesa wa chuo kikuu, kwa hiyo watoto wale walimwona profesa mzima na vitabu vyake anatoka mpaka katikati ya barabara ya Tanga kuutafuta mwezi, na walicheka kuliko tulivyocheka sisi. Nilifungua mdomo nimsahihishe, nikaufunga. Ilipofika kwenye vumbi alikwama. Alimtazama bibi yake. Mama akainuka, akapangusa ubao kwa kidole, akamwonesha ile chaki nyeupe. "Vumbi," Mama akasema. Mtoto akauonesha ukumbi kidole cha bibi yake, akasema neno lake kwa Kiingereza, na wakaendelea.

Mama aliishia kwenye ule mkono wa babu kichwani. Watoto wakapiga makofi, na nilikuwa ndiyo kwanza naingia pale mtoto mmoja wa kike wa mstari wa mbele alipouliza yule kaka alifika wapi.

Binti yangu alimgeukia bibi yake. Akasogea hatua moja, kama mtu anayepima maji kwa mguu. Kisha akasema, kwa Kiswahili, mbele ya shule nzima, "Bibi, anauliza, kaka yako alikwenda wapi?"

Nikavuta kiti kilichokuwa karibu, nikakaa. Kumbe kilikuwa cha mtu.

"Mwambie," Mama alisema, "alikwenda kwa hao hao waliokwenda mwezini. Akasoma. Akafia huko. Mwambie alikuwa na akili nyingi, na alikuwa mzuri wa sura."

Mtoto aliyasema yote hayo, na sauti ilimtetemeka pale kwenye uzuri wa sura, si kwenye kifo. Gogo aliunyoosha mkono akamshika Mama, hawakuachana mpaka mwalimu alipokuja kuwashukuru.

Tukirudi nyumbani kwa miguu, nilimwomba Mama radhi kwa kuchelewa.

"Ungewahi ungeharibu," akasema. Kisha, baada ya nyumba mbili tatu, "Umemwona alivyosimama? Ndivyo alivyokuwa kaka yangu. Akiwa na maneno ya watu hana haraka, anayachukua kwanza."

Kesho yake, Jumamosi, televisheni zote zilikuwa na picha za mwezini. Gogo alituita mchana. Yeye alikuwa amekwisha kuziona vipande vipande miaka ya nyuma, lakini alisema hakuwahi kukaa chini akazitazama kama mgeni wa heshima, na siku hiyo ndivyo alivyotaka. Alioka skonzi, akatandika kitambaa, akatupa sote vikombe vyenye sosa. Mama hakuwa ameziona hata mara moja. Alisogeza kiti mpaka karibu na kioo.

"Ndio hivi?" alisema. "Mbona wanarukaruka kama wana-mbuzi?"

"Kule mtu ni mwepesi, Bibi," binti yangu alisema.

"Na lile ndilo vumbi lenyewe?"

"Ndilo."

Alitazama mpaka mwisho. Kaka yake, alisema, alitamani sana kuziona picha hizi. Tanga siku zile hazikufika, na huenda huko alikokwenda alibahatika kuziona, hakuwahi kumuuliza. Akalia kidogo, bila kelele, akila skonzi. Gogo akamwongezea chai.

Wiki zilizobaki, nyumba yetu ilijaa mjomba. Alikuwa anapenda ndizi za kuchoma. Aliogopa mende. Alimfundisha Mama kuhesabu kwa Kiingereza kwa kurusha kokoto. Mama aliyatoa haya kila siku, akiosha vyombo, akikuna nazi niliyomtafutia mjini, na mtoto akawa anamfuata nyuma na maswali, kwanza nusu kwa nusu, Kiingereza hapa, Kiswahili pale, "Bibi, yeye alikuwa *naughty*?" na Mama anamsimulia utundu wake kama ameelewa, na naamini alielewa.

Siku ya kuondoka Gogo alimvisha Mama koti lake zito la sufu, ingawa nilimweleza kwamba Tanga hakuna mtu atakayelivaa. Walikumbatiana pale kwenye ngazi. Mama alisema, "Haya, Mgogo wangu," na Gogo akajibu kwa Kizulu kirefu, na safari hii hakuna aliyeniomba nitafsiri.

Baada ya hapo walianza kutumiana sauti kwenye simu, bibi na mjukuu wake. Kila jioni ujumbe wa Mama unaingia, umejaa kukohoa na kuku wa jirani, na mtoto anajifungia chumbani kujibu. Niliwasikia kupitia mlango. Miaka minne waliendelea hivyo, mpaka Mama alipofariki. Tulikwenda Tanga kumzika, na mwanangu aliwapokea waliokuja kutupa pole, akawajibu kila mmoja kwa lugha yao, shangazi zangu wakinitazama kwa mshangao.

Sasa yuko chuo kikuu, na amepata marafiki Wakenya wa rika lake. Wanamcheka. Kiswahili chake chote amekipata kwa mwanamke mtu mzima wa Ngamiani, kwa hiyo anazungumza kama mtu wa miaka sabini. Anawaambia wenzake "wanangu." Akichoka anasema "mie hoi, ati." Juzi mmoja alimwalika disko, akamjibu kwamba usiku ni wa kulala na Mungu akijaalia wataonana asubuhi, na wenzake wakagaragara kwa kicheko. Alinipigia simu kunisimulia, na yeye mwenyewe alikuwa anacheka.

"Nibadilishe, Ma?" aliniuliza.

Nilimwambia asithubutu.